Alama ya Kutoa

Saa tano asubuhi, na giza halina habari.
Bonde la Advent limelala vilevile lilivyolala saa tano usiku.
Nimepanda mlima kwa skuta ya theluji,
bunduki mgongoni kwa ajili ya dubu ambaye sijawahi kumwona,
chupa ya kahawa kifuani, ndani ya koti,
isije ikaganda kabla sijafungua mlango wa kituo.

Huku jua lilitoka kazini mwezi wa kumi.
Likizo yake ndefu.
Lakini halijaacha kututumia upepo.

Setilaiti moja, kilomita milioni moja na nusu huko mbele,
imesimama kama mlinzi wa zamu getini.
Inapiga simu: unakuja, unakuja,
kilomita mia nne kwa sekunde,
mna saa moja hivi ya kujiandaa.
Mimi siulizi kasi. Nauliza: umeelekea wapi?

Maana dunia ina ua.
Panga dunia tano foleni kuelekea jua, utaugusa:
nyuzi za sumaku, wima, zikitazama kaskazini.
Na upepo hauji mikono mitupu, umebeba nyuzi zake.
Zikija zimetazama kaskazini kama zetu
zinateleza pembeni, bega kwa bega,
kama majirani wa ghorofa moja
wanaoamkiana kwenye ngazi miaka ishirini
bila kujuana majina.
Getini hapaingii kitu.

Dada yangu Ragnfrid yuko Hammerfest.
Miaka minne tangu nyumba ya mama iuzwe
tunaandikiana kila siku ya kuzaliwa:
Hongera. Asante. Hali ya hewa ikoje? Baridi. Hapa pia.
Adabu tupu. Ukuta mzuri kuliko wote.

Jana usiku nikamwandikia:
Umeniibia. Kiti cha mama cha dirishani
umekiuza hata hujaniuliza.
Nikabonyeza kabla sijaogopa.

Sasa kwenye skrini, mbele ya namba,
kijistari.
Kidogo kama ukucha wa mtoto. Alama ya kutoa.
Upepo umegeukia kusini.
Eilert wa kamera anaacha kutafuna mkate.

Kule getini nyuzi mbili zimekutana uso kwa uso,
moja inapanda, moja inashuka,
zimebanana hadi pasipite unywele,
zikakatika.

Ila hazikubaki vipande.
Nusu yetu ikashika nusu ya mgeni,
nusu ya mgeni ikashika nusu yetu,
na uzi uliokuwa na miguu miwili duniani
una mguu mmoja hapa,
mwingine jua ndilo lijualo ulipo.
Ukafyatuka kama mpira wa manati,
ukamwaga mzigo wake juu ya vichwa vyetu.
Waliosema kukata undugu ni kazi moja na kuunga ni nyingine
hawajaziona zote mbili zikifanywa kwa pigo moja.

Tunatoka nje. Eilert kasahau glavu.
Kusini, juu ya mgodi uliofungwa,
wekundu. Si ile kijani ya kwenye postikadi;
wekundu wa kaa la mwisho jikoni, wa juu sana.
Unasogea hatua moja kaskazini, unafifia.
Dakika nane, mwingine nyuma yake.
Kama watu wanaoingia msibani kwa zamu.

Simu inatetemeka mfukoni.
Si hongera. Si hali ya hewa.
Ujumbe mrefu, wa hasira, umejaa makosa ya tahajia,
na katikati yake:
Torgunn, kiti sikukiuza, ninacho.
Nilitaka kukiona kila asubuhi
peke yangu.

Vidole vimeganda. Sijui nijibu nini.
Wale wasichana wawili wa dirisha moja
hawarudi; uzi ule haupo tena.
Kilichopo kina ncha ngeni, na kinavuta.

Eilert anapiga kelele kutoka ndani:
ingia, funga, baridi inapita!
Nahesabu wekundu wa nne.
Mlango nauacha wazi.